Lenzi ya Kwanza ya Mama Kreni

Kamera ilikuja ndani ya boksi jeusi. Mama Kreni alipoifungua, akakuta ina tundu kubwa mbele, pale ambapo kila kamera aliyowahi kuiona huwa na jicho.

"Imevunjika," alisema kwa upole, asije akawavunja moyo wanawe.

Binti yake mkubwa alicheka mpaka akakalia mkono wa kochi. "Haijavunjika, mama. Hiyo ni bodi. Lenzi inanunuliwa peke yake. Tumeona bora uchague mwenyewe."

"Kwa hiyo mmeninunulia chungu, mafiga nikatafute."

Mumewe, ambaye ni fundi cherehani na alikuwa kwenye mashine yake pembeni ya dirisha, hakuinua kichwa. "Afadhali chungu. Mimi naona wamemnunulia suruali isiyo na miguu."

Jina la Mama Kreni alipewa kazini. Ndiye aliyekuwa akiendesha kreni ndefu kuliko zote kwenye kampuni yao ya ujenzi, ile inayosimama katikati ya majengo kama twiga aliyepotea njia. Kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya kibanda cha vioo juu angani, na kunyanyua nondo, mbao na ndoo za zege, akivitua mahali vinapotakiwa. Jina lilianzia kwa mafundi, likamfuata nyumbani, hata wakwe wakalizoea.

Kila jioni kwenye chakula alikuwa na la kusimulia. Leo ameona mvua ikinyesha upande mmoja wa mji huku upande wa pili watu wakianika nguo. Jana ameona bendi ya shule ikigeuka kona, watoto wa mbele wameshafika getini na wa nyuma bado wanatafutana. Alikuwa akipiga picha kwa simu, lakini zikitoka kila mtu ni mchwa. Watoto wake walikua wakiyasikia hayo. Walipoanza kujitegemea wakachanga, wakanunua kamera. Kwa hiyo alipoishika ile bodi alishukuru mara mbili: kwa kitu chenyewe, na kwa kujua kwamba walikuwa wakimsikiliza miaka yote ile aliyodhani wanatafuna tu.

Ya lenzi sasa ikawa kazi yake. Akiba yake ndogo, kwa hesabu ya shemeji yake, ilitosha lenzi moja nzuri au mbili za kujutia.

Huyo shemeji ni mdogo wa mumewe, mpiga picha wa harusi, mwenye maneno mengi na moyo mweupe. Alifika siku ya pili na begi lake begani, akavua viatu, na kabla hajapewa hata maji akaanza somo.

"Shemeji, lenzi ni za namna tatu. Usisikilize mtu atakayekuambia ni mia. Kuna pana, inayomeza chumba kizima na watu wake. Kuna ndefu, inayovuta vya mbali. Katikati kuna ya kawaida, haimezi wala haivuti, inaona kama jicho lako. Wewe unataka ipi?"

"Ndefu," alijibu Mama Kreni bila kufikiri. "Mimi naishi juu. Vyangu vyote viko mbali."

"Ndefu ina uzito, na ukitikisika kidogo picha inatikisika sana. Huko juu si kuna upepo?"

"Upepo nimezoea."

"Wewe umezoea. Lenzi haijazoea."

"Mchagua jembe si mkulima," mumewe akasema kutoka kwenye cherehani. Mama Kreni akamwambia kwamba mtu anayechagua uzi kwa nusu saa dukani hana haki ya kutumia methali ile, na shemeji akacheka akapewa chai.

Wakakubaliana waende wote kwa mama mmoja anayeuza lenzi zilizotumika. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye makabati ya vioo na harufu ya vumbi la karatasi. Mwenyewe alikuwa mtu mzima mwenye miwani mbili: moja usoni, nyingine kichwani. Alimsikiliza shemeji mpaka akamaliza, kisha akamgeukia Mama Kreni.

"Na wewe, mama, unataka kupiga picha za nini?"

Mama Kreni aliyazungusha macho kwenye makabati. "Vile ninavyoviona," alisema mwishowe.

"Haya. Basi usinunue leo." Akafungua kabati, akatoa ndefu moja na pana moja, akazifunga kwenye kitambaa. "Nenda nazo. Ukishajua unapiga nini, rudi tuzungumze biashara. Huyu bwana ndiye dhamana yako, nyumba yake naijua."

Shemeji alisema nyumba yenyewe ni ya kupanga. Yule mama akasema anajua hilo pia.

Kazini, Mama Kreni alimwendea kwanza msimamizi. Msimamizi akamruhusu, ila kwa masharti: mapumziko ya mchana tu, mashine imezimwa, na kamera imefungwa shingoni kwa mkanda, maana kitu kikianguka kutoka kule juu hakiulizi kichwa cha nani. Siku hiyo akapanda ngazi na ile lenzi ndefu mgongoni kama aliyebeba mtoto.

Mchana ulipofika, akazima mitambo, akaweka jicho. Mji ukamrukia. Aliona vigae vya paa kimoja kimoja. Aliona fundi baiskeli akitema msumari mkononi. Akageuza kidogo, akamwona mwanamke juu ya paa la ghorofa akianika mashuka, kitambaa kimemlegea kichwani, akiimba. Hakusikia wimbo, aliona midomo tu. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe, lakini akasita. Macho hayana pazia, ndiyo, na miaka yote alikuwa akiona watu bila kutaka. Ila kumvuta mtu mpaka ukaona kwamba amevaa hereni moja, na yeye hajui kama upo, hilo alilihisi kama kupiga chabo. Akashusha kamera.

Akaielekeza chini, kwa watu wa kazini kwake. Na hapo ndipo akamwona Mzee Taratibu.

Mzee Taratibu alikuwa mpiga ishara. Mwendesha kreni hawezi kuona kila kitu. Ukuta ukiziba, macho yake ni yule aliyeko chini, anayemwongoza kwa mikono na kwa simu ya upepo. Kwenye ile simu hawakuitana majina. Yeye alikuwa "Juu", mzee alikuwa "Chini". "Juu, shusha kidogo." "Chini, nashusha." Aliijua sauti yake kuliko sauti za ndugu zake wengine, na mikono yake, iliyovaa glavu za njano, angeitambua kati ya mikono elfu. Lakini sura? Kutoka juu, Mzee Taratibu alikuwa kofia ngumu nyeupe yenye mabega. Asubuhi Mama Kreni alipanda kabla mafundi hawajakusanyika. Jioni alishuka wengi wameshaondoka. Chakula alikula huko huko juu, maana ngazi ni ndefu, na ukishashuka kula unapanda ukiwa na njaa tena.

Sasa mzee alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao, kofia amevua. Nywele zake zilikuwa nyeupe pe. Mama Kreni hakujua. Mzee alikuwa akisugua goti lake taratibu kwa mikono yote miwili, huku akiangalia tu mbele, kama mtu anayemsubiri mgonjwa apone.

Mama Kreni alipiga picha kadhaa. Zote zikatoka na ukungu, kibanda kilikuwa kikiyumba.

Mwisho wa mwezi ule mzee alikuwa anastaafu. Jambo hilo Mama Kreni alilijua kama watu wote walivyolijua, kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi. Lakini mchana ule, akiwa na kamera mapajani na chakula kinapoa, ndipo lilipomwingia. Akakumbuka alivyoanza.

Alikuwa mwanamke wa kwanza kukaa kwenye kile kibanda. Siku ya kwanza, wapiga ishara wawili waliitwa mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza akasema hawezi kusimama karibu na mzigo unaonyanyuliwa na mama wa mtu. Wa pili hakusema, alitafuta udhuru akaenda. Msimamizi wa wakati ule akawa anakuna kidevu, na Mama Kreni juu anasikia yote, kwa sababu mtu alisahau kuachia kitufe cha simu ya upepo. Kisha akasikia sauti ngeni, nzito: "Nipeni hizo glavu. Mimi nitampigia." Halafu: "Juu, unanisikia? Tuanze na mzigo mdogo."

Hajawahi kumshukuru. Si kwamba hakutaka. Simu ya upepo ni ya kazi, huwezi kuijaza mambo ya moyo watu wengine wakisikiliza, na ana kwa ana hawakukutana ila kupungiana mikono kwa mbali. Siku zikapita, na shukrani iliyochelewa inazidi kuwa ngumu kutoa.

Siku zilizofuata akajaribu lenzi pana. Hiyo ilimfurahisha kama mtoto. Mji mzima uliingia, mawingu yakaingia, hata mkono wa kreni ukaingia kama daraja lisilokwenda popote. Nyumbani walizipokezana zile picha, mumewe akasimamisha cherehani kuziangalia, jambo ambalo hufanya kwa nadra. "Kumbe hapa ndipo unaposhinda," alisema. Akaziangalia tena. "Ndiyo maana ukirudi unaongea."

Shemeji naye akazisifu, akaziangalia moja moja. "Safi. Lakini mbona uso wako haujachangamka?"

Mama Kreni akamweleza habari za mzee. Kwa ile pana, mzee ni punje ya mchele. Kwa ndefu, ni ukungu. "Nataka picha yake kabla hajaondoka. Nataka sura yake."

Shemeji akazirudisha picha mezani. Alifungua begi, akatoa lenzi fupi, nyeusi, imechubuka ubavuni, ndogo kama kikombe cha kahawa. "Chukua hii yangu mpaka keshokutwa. Ya kawaida. Ndiyo niliyoanzia kazi."

"Inavuta?"

"Haivuti hata unywele."

"Sasa mimi niko juu, itanisaidia nini?"

"Shemeji," alisema, "ngazi zina njia mbili."

Kesho yake, kengele ya mapumziko ilipolia, Mama Kreni alizima mitambo, akafunga kibanda, akaanza kushuka. Mafundi walioinua macho wakaacha kutafuna. Mmoja akauliza kama mashine imeharibika. Mwingine akauliza kama kuna msiba.

"Hakuna msiba. Nimeshuka kula."

Mzee Taratibu alikuwa kwenye rundo lake la mbao. Alipomwona anakuja akataka kusimama, Mama Kreni akamzuia kwa mkono, akakaa kando yake. Kwa karibu, alikuwa mfupi kuliko alivyomdhania. Alikuwa na jicho moja dogo kidogo kuliko lile jingine, na ndevu zilizonyolewa kwa haraka, zimebaki vishungi chini ya kidevu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuna tatizo juu?"

"Hakuna. Nimekuja kukuomba picha."

Mzee aligusa uso wake kana kwamba anahakikisha bado upo. "Yangu? Mimi picha zangu zote za vitambulisho. Hata hizo hurudiwa kupigwa."

"Basi hii haitakuwa ya kitambulisho." Akaiweka kamera mapajani. Alijua akiinua kwanza kamera, maneno hayatatoka. "Kabla ya picha, nina neno la zamani. Siku ile walipokataa kunipigia ishara, nilisikia yote. Nilisikia ulivyosema nipeni hizo glavu. Nilikuwa nimeshashika mlango wa kibanda nishuke niende zangu nyumbani. Wewe ndiye uliyenibakiza. Watoto wangu wamesoma kwa kazi hii, mzee. Asante. Nimechelewa, lakini asante."

Mzee alifunga mfuniko wa bakuli lake la chakula, akaufungua tena.

"Mimi nilidhani wewe ndiye unayenistahi," alisema.

"Vipi?"

"Hili goti. Liliumia nikiwa kijana, kabla hujaja. Kwenda upande wa pili wa mzigo kunanichukua muda. Waendeshaji wote waliokutangulia walinipigia honi, wengine matusi kabisa. 'Chini, umelala?' Nilikuwa nawaza kuacha. Siku ile nilichukua glavu nikijisemea, huyu mgeni, labda bado hajajifunza kutukana." Akatabasamu upande mmoja. "Na hukujifunza. Miaka yote hii sijasikia honi yako. Unangoja nifike, nakwambia taratibu, unashusha taratibu. Watu wakaniita Taratibu wakidhani ni busara. Si busara, mwanangu. Ni goti."

Mama Kreni alianza kucheka, akajikuta machozi yamemlenga. "Mimi nilidhani wewe ni mtu wa uangalifu tu. Nikawa naiga."

"Basi tumeigana wote wawili, jengo likasimama."

Hapo ndipo alipoinua kamera. Akagundua kwamba lenzi ile ilimtaka asogee, halafu asogee tena, mpaka magoti yake yakakaribia ya mzee. Picha ya kwanza ilikata kipaji cha uso. Ya pili mzee alifumba macho. Ya tatu fundi rangi alipita katikati na ndoo, akaomba radhi, akapita tena akirudi. Baada ya hapo mzee akachoka kujiandaa, akawa anamweleza kuhusu mke wake anayetaka afuge kuku atakapostaafu na yeye anavyoogopa jogoo, na katikati ya jogoo Mama Kreni akabonyeza. Aliijua ile picha kabla hajaiangalia.

Dukani alirudisha ndefu na pana, zote ziko ndani ya kitambaa chao. Yule mama mwenye miwani mbili akamuuliza kama sasa anajua anapiga picha za nini.

"Watu," alisema Mama Kreni. "Walio karibu."

"Ninayo moja ya kawaida. Imekwaruzika nje, ndani kioo kisafi." Akaitoa, akaipuliza, akampa aiangalie dhidi ya mwanga wa dirisha. Shemeji akaikagua pia, akaizungusha, na akatingisha kichwa kwa kuridhika. Mama Kreni akalipa, akamshukuru yule mama kwa kumwachia vitu vyake mtu asiyemjua. Yule mama akasema anayenunua haraka hurudi kugombana, na yeye umri wa kugombana umempita.

Wiki ya mwisho ya mzee, picha ikasafishwa kubwa, fundi cherehani akatafuta fremu mwenyewe na kuikata kadi ya pembeni kwa mkasi wake wa vitambaa, milimita haikuzidi. Baada ya mzee kuagwa kazini kwa soda na hotuba fupi, Mama Kreni na shemeji wakaipeleka nyumbani kwake.

Mke wa mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Aliiangalia kwa muda mrefu.

"Mbona hajakunja uso? Picha zake zote anakunja uso kama anadaiwa. Mlikuwa mnaongea nini?"

"Jogoo," mzee alisema.

Mkewe akacheka, akafuta kioo cha fremu kwa ncha ya kanga ingawa hakikuwa na vumbi. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu waoane hawana picha nzuri ya pamoja, na kama si usumbufu.

Haukuwa usumbufu. Ila sebule ilikuwa ndogo. Mama Kreni akawakalisha kwenye kochi, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na bado mzee alikuwa na bega moja tu. Wakatoa meza nje. Wakatoa kabati la vyombo, vyombo vikilalamika. Akajaribu kupanda stuli. Bado mke alikuwa nusu. Shemeji, ambaye wakati wote huo alikuwa akiangalia dari kwa adabu kubwa, akakohoa.

"Sema tu, shemeji. Lenzi pana ingetosha."

"Sisemi. Nikisema nitakosa chai."

Mwisho wakaligeuza kochi likatazama mlango, na Mama Kreni akatoka nje kabisa, akasimama kati ya ndoo na kamba ya nguo za jirani. Kutoka pale walienea wote wawili, na mlango ukawa kama fremu yao. Jirani aliyekuwa akifua alimwuliza kama anahama nyumba hii au anahamia. Mke wa mzee akalisikia hilo, akacheka akamwegemea mumewe, na picha ikapatikana hapo.

Walizirudisha samani ndani, wakanywa chai mpaka jua likalegea. Njiani kurudi, Mama Kreni alitembea na kamera imemlalia kifuani, akamsikiliza shemeji akieleza kwa urefu jinsi lenzi pana inavyosaidia katika vyumba vidogo. Hakumkatiza hata mara moja.

Mwaka uliofuata alinunua hiyo pana. Mpiga ishara mpya ni mama mwenzake, ana haraka kidogo lakini anasikia. Siku za Ijumaa Mama Kreni hushuka na chakula chake, wanakula pamoja juu ya mbao, na kwenye simu yake ana picha ya jogoo mkubwa mwekundu, iliyotumwa na mzee, imepigwa kutoka mbali sana.